Nakshi ya chungu ina saa yake

Kabla hajagusa chungu, mayu, mama mfinyanzi wa Isikizya, alichovya kamba kwenye maji. Kamba yenyewe ilikuwa ya majani makavu yaliyosokotwa, ndefu kama kidole cha kati. Akailaza juu ya bega la chungu, akaifunika kwa kiganja, mkono wa pili akauingiza ndani kuushikilia ukuta, kisha akaviringisha. Kamba ilikopita pakabaki safu ya vishimo vidogo vilivyolala mshazari, kama punje za mtama zilizopangwa na mtu asiye na haraka. Akakizungusha chungu kidogo, akaviringisha tena, hadi safu ikakutana na mwanzo wake na usijue ilianzia wapi.

Nikamwomba nijaribu kwenye chungu changu nilichokuwa nimekimaliza muda uleule. Nikabonyeza, ukuta ukazama ndani kama shavu la mzee asiye na meno. "Umewahi mno, mwanangu. Huo bado uji." Nikaenda zangu Tabora mjini kwa shughuli nyingine, nikarudi jioni, nikaviringisha tena. Kamba ikateleza kama juu ya meza. Mayu akacheka. "Sasa umechelewa. Kivunje, ukiloweke, uanze upya."

Nimejifunza mengine tangu siku ile, lakini hakuna lililozidi hilo. Nakshi ya chungu si pambo la kubandika kazi ikishakwisha. Ina saa yake ndani ya udongo, na saa hiyo ikipita hairudi. Udongo upate ungali maji, walisema wahenga, na wengi wetu tunalitumia neno hilo kwa malezi ya watoto tu, tukasahau kwamba limetoka mikononi mwa mfinyanzi.

Nayaandika haya kwa yule anayetaka kushika udongo mwenyewe: kijana wa Isikizya asiye na shughuli baada ya mavuno, kina mama wa kikundi, mwalimu wa sanaa anayetafuta kazi ya mikono isiyodai vifaa vya kununua. Isikizya ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Uyui, kwa hiyo hapakosi wageni, watumishi wa serikali na watu wa semina. Wanunuzi wapo. Vyombo vya kuwauzia ndivyo haba, na vilivyopo vingi vimeharibiwa kwa kitu kimoja: rangi ya mafuta.

Nianze na hilo maana linaniudhi. Mtungi uliopakwa rangi ya mafuta ya bluu na maua ya waridi si mtungi tena. Mtungi hupoza maji kwa sababu unatoka jasho: maji hupenya polepole kwenye vitundu vya udongo, yakifika nje yanakuwa mvuke, na mvuke huo unaondoka na joto. Ukiupaka rangi ya mafuta umeziba vitundu vyote. Umebaki na ndoo nzito inayovunjika. Chungu cha kupikia ndiyo balaa zaidi, rangi inaungua jikoni na moshi wake unaingia kwenye mboga. Kama ni cha maua ya sebuleni, sawa, paka utakavyo. Lakini usimwambie mteja kwamba huo ndio ufinyanzi wetu.

Pweza wa Krete

Wakati mwingine mtu huona la nyumbani baada ya kutazama la mbali. Kisiwani Krete, kwenye bahari ya Mediterania, waliishi watu ambao wanaakiolojia wanawaita Waminoa. Kati ya mwaka 2000 na 1700 KK hivi, wafinyanzi wao walitengeneza vyombo vinavyoitwa leo vya Kamares, kwa jina la pango la mlima Ida ambako vipande vyake vilipatikana mwishoni mwa karne ya 19. Chombo kilipakwa uji wa udongo mweusi, kisha juu ya weusi huo mchoraji akapitisha nyeupe na nyekundu: mizunguko kama ya konokono, majani, maua yanayofukuzana kuzunguka tumbo. Vingine vina kuta nyembamba karibu sawa na ganda la yai. Vilipendwa hata ng'ambo: Flinders Petrie alivikuta vipande vyake Kahun, Misri, alipokuwa akichimba huko karibu na mwaka 1890.

Miaka mia kadhaa baadaye, karibu 1500 KK, wakaanza kuichora bahari yenyewe. Ipo chupa moja ya udongo kutoka Palaikastro, sasa iko kwenye makumbusho ya Heraklion, ambayo ukiona picha yake huisahau. Ni pweza mmoja. Macho mawili makubwa yanakutazama, mwili umelala upande kidogo, na mikono inajipinda kufuata mviringo wa chupa hadi inapotelea nyuma. Penye nafasi kati ya mkono na mkono pamejazwa mwani na vikonokono.

Nimeona vijana wakiitoa picha hiyo kwenye simu na kuinakili juu ya chungu. Msifanye hivyo. Huku kwetu pweza hajulikani hata ladha yake, na mteja anayetoka Dar es Salaam hatakuja Uyui kununua pweza. Cha kuchukua kwa yule fundi ni namna mikono inavyotembea. Hakuchora picha bapa kisha akaibandika kwenye chupa, aliliacha tumbo la chupa limwongoze. Ukiona nakshi imekaa upande mmoja kama stempu kwenye bahasha, jua aliyeiweka alikuwa anafikiria karatasi.

La pili la Krete ni la kazi. Jumba la Knossos, ambalo Arthur Evans alianza kulichimba mwaka 1900, lina ghala zenye mapipa ya udongo yanayokaribia kimo cha mtu, ya kuwekea mafuta na nafaka. Mapipa hayo yamezungushiwa mikanda ya udongo iliyofinyangwa mfano wa kamba. Fundi alitazama kamba halisi inayofunga na kubebea, akaigeuza pambo. Mayu wa Isikizya, aliyekuwa akiviringisha kamba yake ya majani bila kujua kama kuna kisiwa kiitwacho Krete, anafanya jambo la ukoo huohuo.

Tafuta udongo kwanza

Uyui ina udongo wa kila namna, na si kila unaonata unafinyangika. Udongo mweusi wa mbugani unamdanganya sana mwanafunzi. Ukiloa unanata kama gundi, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza kidole, kama unavyoona mbuga zenyewe mwezi wa Septemba. Usiutumie peke yake. Tafuta udongo wa kijivu au wa kahawia unaopatikana chini ya kingo za vijito na pembeni mwa mbuga, pale ambapo kichanga cha mwinuko kinakutana na weusi wa bondeni. Udongo wa kichuguu nao ni mzuri, mchwa wameshauchambua, ila unataka kupondwa na kuchujwa sana.

Pima hivi. Chukua donge, likande, lisokote liwe nene kama penseli, kisha lizungushe kwenye kidole chako cha shahada. Likizunguka bila kupasuka mgongoni, udongo unafaa. Likipasuka kidogo, umezidi kichanga. Likikatika, achana nao.

Kipimo cha pili kinachukua siku chache, na wengi hukiruka, kisha wanalia siku ya kuchoma. Tengeneza kipande bapa kama rula, na kwa ncha ya kisu chora juu yake mstari wa sentimeta 10 kamili. Kianike kivulini hadi kikauke kabisa, upime tena mstari wako. Ukikuta sentimeta 9 na nusu, au 9 na robo, furahi. Ukikuta 8 na nusu, udongo huo unasinyaa mno na chungu chake kitapasuka kabla hakijaona moto.

Dawa ya udongo unaosinyaa ni vigae. Ponda vyungu vilivyovunjika kwenye kinu kibovu, chekecha kwa kipande cha chandarua kuukuu, uchanganye unga wake wenye chenga na udongo mbichi. Mimi huanza na kopo moja la unga wa vigae kwa makopo manne ya udongo, nikipima tena kwa rula. Kigae kimeshapita motoni, hakisinyai tena, kwa hiyo kinaushikilia udongo mpya na kufungua njia ya mvuke kutoka. Mchanga safi wa mtoni unafanya kazi hiyohiyo, ila chungu cha vigae huvumilia zaidi jikoni. Ndiyo maana kwa mfinyanzi hakuna chungu kinachokufa moja kwa moja.

Ukishachanganya, uviringe udongo kwenye kiroba kibichi, uuache wiki mbili. Utanuka kidogo. Ni dalili njema, udongo uliolala hunyumbulika kuliko wa jana.

Kuhusu kufinyanga kwenyewe sitakaa sana, kwa sababu hakufundishiki kwa maandishi. Kaa na mtu anayejua, siku tatu tu. Kwa kifupi, kitako hutolewa kwa donge lililobonyezwa juu ya kigae kipana, ukuta unapandishwa kwa kamba nene za udongo, kila kamba ikiunganishwa na ya chini yake kwa dole gumba ndani na nje, kisha kipande cha kibuyu kinapita kulainisha. Unene upungue taratibu, kama dole gumba lako chini hadi kidole kidogo juu. Mahali ukuta unaponenepa ghafla ndipo patakapopasuka.

Saa tatu za udongo

Sasa tumefika penyewe. Udongo wa chungu una saa tatu, na kila saa ina nakshi yake.

Saa ya kwanza ni ya umbichi, chungu kikiwa kimetoka tu mkononi. Hapa kazi ni ya kuongeza: mkanda kama ule wa Knossos, vifundo, masikio. Udongo unaobandikwa lazima uwe na unyevu sawa na ukuta, la sivyo mmoja utasinyaa zaidi ya mwenzake na mkanda utadondoka. Kwaruza pande zote mbili kwa uma, paka uji wa udongo katikati, bandika, kandamiza ukianzia katikati kuelekea nje ili hewa isibaki ndani.

Saa ya pili ndiyo saa kubwa. Nilihangaika nayo sana hadi nilipopata kipimo changu mwenyewe: sabuni ya mche. Chukua mche mpya wa sabuni ya kufulia, ubonyeze kwa dole gumba. Haubonyei kirahisi, lakini ukucha unaacha alama safi isiyo na makombo. Chungu kikifika hapo, kaa chini, kazi imeanza. Kwa kamba ya kuviringisha, anza mapema kidogo, udongo ukiwa kama sabuni iliyolala kwenye kisahani chenye maji. Kwa kuchora mistari kwa ncha, ngoja ufike sabuni kamili. Ukichora mapema, ncha inalima na kuacha kifusi pembeni mwa mstari. Ukichora kwa kuchelewa, inakwangua na kutoa vumbi. Mstari uliochorwa kwa wakati wake unang'aa ndani.

Juni na Julai, kukiwa na ubaridi wa asubuhi, chungu kikubwa kilichokamilika saa tatu asubuhi kinafika kwenye sabuni alasiri. Agosti na Septemba upepo unakausha haraka, unaweza kukipoteza kwa muda wa kula chakula cha mchana tu. Kwa hiyo funika. Kitambaa kibichi kwenye mdomo, maana mdomo ndio hukauka kwanza, na mfuko wa nailoni juu ya chungu kizima ukitoka kidogo. Mfuko huo mmoja umeniokolea vyungu kuliko ushauri wote niliopewa.

Saa ya tatu ni ya ukavu, chungu kimepauka lakini hakijachomwa. Hapa nakshi ya kuchimba imeshapitwa. Kinachobaki ni kusugua kwa kokoto, na hata huko usichelewe sana.

Vifaa viko mlangoni

Kamba ya kuviringisha unaisokota mwenyewe. Nyuzi mbili za majani, za katani, hata za kiroba cha plastiki kilichochambuliwa, zisokotwe kwa nguvu na kufungwa ncha zote mbili zisifumuke. Ukiipiga mafundo, nakshi inabadilika. Ukiisuka nyuzi tatu, inabadilika tena. Fanya kamba tano tofauti, zijaribu kwenye kipande cha udongo, kichome kipande hicho ukitunze. Ndicho kitabu chako.

Gunzi la mahindi ni kamba ya bure. Likiwa kavu, punje zimepukuchuliwa, liviringishe tu na utapata safu za vijumba kama sega la asali. Nalo lina hadithi. Mahindi yalitoka bara la Amerika, hayakuwapo Afrika kabla ya Wareno kuanza kusafiri huku na huko mwishoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo mwanaakiolojia akiokota kigae chenye alama ya gunzi, anajua mara moja hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Kuviringisha kwa kamba ni kwa zamani zaidi, katika nchi za Maziwa Makuu kulienea kuanzia mwisho wa milenia ya kwanza BK. Na kabla yake, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wafinyanzi wa upande wa Kagera na ziwa Victoria walikuwa wakichora mistari sambamba chini ya mdomo na kubonyeza kishimo kwenye kitako, vyombo ambavyo wataalamu wanaviita vya Urewe.

Vingine viko nyuma ya nyumba. Spoku ya baiskeli iliyonolewa inachora mstari mwembamba kuliko kisu. Chanuo lililovunjika linatoa mistari mitano kwa mkono mmoja. Mdomo wa bomba la kalamu ya wino unapiga duara. Ukucha wako mwenyewe unatoa mwezi mchanga.

Pambo likae wapi? Kwenye bega na shingo. Si kwa urembo tu. Kitako kinakaa kwenye mafiga na kuota masizi, nakshi huko ni jasho la bure. Tena bega lenye mkwaruzo wa kamba halimtelezi mtu mwenye mikono mibichi anapojitwisha mtungi. Tumbo liache wazi, jicho lipumzike. Kosa la mwanafunzi ni kujaza kila mahali, kana kwamba analipwa kwa kishimo.

Kuhusu michoro, tazama kinachozunguka kwa asili yake. Mistari ya gome la mninga. Sega la asali, maana Tabora na asali havitengani. Mzinga juu ya mti. Ukitaka historia, ipo tele: barabara ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, wasafiri Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857, na tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 liko Kwihara hadi leo kama makumbusho. Mstari wa wapagazi wa Kinyamwezi, mizigo vichwani, ukiuzungusha kwenye bega la chungu hauna wa kwanza wala wa mwisho. Mimi naona ni nakshi bora kuliko pweza yeyote. Lakini fikiri kabla ya kuchora minyororo. Misafara ileile ilibeba pembe za ndovu na watu waliouzwa, na mnyororo wa utumwa haufai kuwa urembo wa jagi la maua.

Mtu wa Tabora anayelima hukutana na vigae vya zamani shambani. Vitazame, vipige picha, vichore kwenye daftari, ujifunze. Usichimbe kuvitafuta. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kitu chochote kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kuchimbua eneo la kale bila kibali ni kosa. Hesabu vizuri: hata chungu kilichovunjikia njiani siku alizopita Burton kimo ndani ya ulinzi huo. Tena kigae kikiondolewa mahali pake kinabaki bubu. Uvinza, kwenye njia hiyohiyo ya kwenda Ujiji, ndiyo shahidi. Mwaka 1967 mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za chumvi, na vigae vya vyungu vya kuchemshia maji ya chumvi, kwa jinsi vilivyolala tabaka juu ya tabaka, vikaonyesha kwamba chumvi ilipikwa hapo kwa zaidi ya miaka 1,000. Laiti wenyeji wangeviokota vikapambie nyua, tusingejua.

Rangi ya ardhini

Nyekundu nzuri kuliko zote iko chini ya miguu yako. Chukua udongo mwekundu uliokolea, au ngeu ukiipata, uponde, utie kwenye ndoo ya maji, koroga kwa nguvu. Acha dakika kumi, kichanga kizame. Mimina maji mekundu ya juu kwenye ndoo nyingine kupitia kipande cha kanga, uyaache hadi kesho. Mwaga maji yaliyotulia, chini utakuta uji laini kama losheni. Upake chungu kilichofika kwenye sabuni, mara mbili, nyembamba. Ukiupaka mzito utabanduka kama ganda la kidonda.

Ukishakauka kiasi kwamba haushiki vidoleni, chukua kokoto laini ya mtoni na usugue. Duara ndogondogo, bila kubonyeza sana, sehemu ileile hadi ikuonyeshe mwanga wa dirisha. Chungu cha lita tano kinanichukua saa mbili. Hakuna vanishi inayofikia mng'ao ule. Lakini mtungi wa maji usisugue mwili mzima, utaziba jasho lake. Sugua mkanda mmoja, kwingine viringisha kamba.

Kwa nyeupe tumia udongo mweupe, uuandae vilevile. Kwa nyeusi wapo wanaopaka unga wa betri kuukuu za redio. Ni sumu, usiuguse kabisa kwa chombo cha chakula. Weusi wa kweli unatoka kwenye moshi: chungu kikiwa bado chekundu motoni, kinatolewa kwa mti mrefu na kufunikwa na pumba za mpunga au maranda makavu. Pumba zinaungua bila hewa, moshi unaingia kwenye vitundu, chungu kinatoka cheusi. Vaa viatu vya kufunika vidole na uwaweke watoto mbali.

Siku ya moto

Chungu kidogo kikauke kivulini wiki mbili, kikilazwa kifudifudi baada ya mdomo kushika. Kikubwa kikae hata wiki tatu. Kiguse shavuni kwako asubuhi: kikiwa cha baridi kuliko hewa, maji bado yamo.

Mara yangu ya kwanza sikungoja. Nilikuwa na vyungu vinne, siku tisa tu tangu nivifinyange, na mgeni wa kuvinunua alikuwa anaondoka kesho yake. Dakika kumi tangu niwashe, mlio kama wa risasi. Kisha wa pili. Maji yaliyobaki ndani ya ukuta yaligeuka mvuke ghafla na kuurusha ukuta vipande vipande. Kilipona kimoja, nacho kilitobolewa na jirani yake.

Kwa hiyo, kuviotesha moto kwanza si hiari. Panga vyungu kuzunguka moto mdogo, mita moja hivi, uvizungushe kama unavyogeuza mahindi ya kuchoma. Baada ya saa moja, shikilia kioo kidogo cha mkononi juu ya mdomo wa chungu kwa kitambo. Kioo kikipata ukungu, endelea kuotesha. Kisipopata, tayari.

Chimba shimo la kina cha kifundo cha mguu, upana kulingana na vyungu. Chini weka samadi ya ng'ombe iliyokauka na magome. Panga vyungu midomo chini, vikubwa katikati, jaza mapengo kwa samadi, zungushia mabua ya mahindi, funika juu kwa vigae vipana, kisha nyasi. Sipendekezi kuni nene. Mabani ya tumbaku yanakula miti ya kutosha wilayani, na samadi inawaka taratibu na sawasawa kuliko gogo. Washa jioni upepo ukitulia, kutoka upande upepo unakoelekea, ili moto utambae polepole. Ndani ya saa moja na nusu utaona vyungu vimekuwa vyekundu kama kaa. Usiongeze kitu kibaridi, usimwage maji, usifukue, isipokuwa kile unachokitoa ukitie weusi. Lala. Fukua asubuhi.

Gonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole. Kilichoiva kinalia kama kengele ndogo. Chenye ufa kinajibu kama kibuyu kilichooza, hata kama ufa huoni. Hicho usikiuze, kirudishe kwenye kinu. Vilivyopona vya kupikia, chemshia uji mwepesi wa mahindi kabla ya matumizi. Wanga unaziba vitundu vikubwa na chungu hakivuji.

Bei nayo ina hesabu yake. Andika saa zako: kuchimba, kukanda, kufinyanga, nakshi, kusugua, kuchoma. Gawanya kwa vyungu vilivyotoka salama, si vilivyoingia motoni. Wengi huuza chungu chenye saa sita za kazi kwa bei ya chakula cha mchana, ndiyo maana methali ikasema mfinyanzi hulia gaeni. Kama mko kikundi, ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii kuhusu mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, uliotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini msikope kununua mashine. Kopeni, kama ni lazima, mjenge banda la kukaushia. Banda ndilo litakalowapa saa ya pili ndefu, isiyoibwa na upepo.

Mvua za Tabora huanza Novemba, na zikianza udongo haukauki wala moto hauwaki sawasawa. Udongo uchimbwe Mei, ulale. Chungu cha kwanza kifinyangwe Juni. Ukikosea, na utakosea, una hadi Oktoba kukivunja, kukiloweka na kuanza upya.